Baada ya Chuo: Waliojifunza Muziki na Walioendelea Kuupiga

Vitabu vya kumbukumbu za sharika huanza na wachungaji, kisha wazee wa kanisa, kisha majengo: lini msingi uliwekwa, lini bati zilipandishwa, lini kengele ilifika. Mwalimu wa kwaya hupata mstari mmoja, mara nyingi chini ya picha. Hata hivyo, katika Jumapili zote za miaka mia moja mtu fulani aliinuka, akatoa sauti ya kuanzia, na usharika ukaimba. Mtu huyo alijifunza mahali fulani. Na baada ya kujifunza, iwe miezi mitatu au miaka mitatu, alirudi nyumbani kwenye migomba, mifugo na madaftari ya shule, akakutana na swali ambalo hakuna mtihani wa chuo unaoliuliza: ataendeleaje kupiga, bila mwalimu, bila wenzake wa darasani, na mara nyingi bila chombo?

Swali hilo ni la zamani kuliko Ulutheri wa Afrika Mashariki. Lilikuwapo tangu siku za Martin Luther mwenyewe. Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Erfurt, mwanzoni mwa karne ya 16, muziki ulihesabiwa miongoni mwa masomo ya elimu ya juu, lakini ulifundishwa kama tawi la hesabu: uwiano wa sauti, vipimo vya nyuzi, nadharia za wazee wa kale. Ufundi wa mikono ulitafutwa kwingine. Luther alijifundisha kupiga luti alipokuwa amelala akiuguza mguu, baada ya kujijeruhi kwa silaha yake mwenyewe akiwa safarini. Luti ni ndugu wa udi unaosikika katika taarabu ya Unguja; hata jina lake la Kizungu limetokana na neno hilo la Kiarabu. Nadharia aliipata darasani, ufundi akaupata kitandani, na ufundi ndio uliomfuata maisha yote. Akiwa mwalimu wa Wittenberg, mume na baba, aliendelea kupiga na kuimba nyumbani pamoja na watoto, wageni na wanafunzi waliokula mezani pake. Msimamo wake ulikuwa mkali: mwalimu wa shule asiyejua kuimba hakumthamini, na kijana ambaye hajazoezwa muziki shuleni hakufaa, kwa maoni yake, kuwekwa katika kazi ya uchungaji.

Agizo la namna hiyo hujaza madarasa. Halimsaidii sana mtu ambaye amekwisha kumaliza masomo. Jibu la upande huo lilitolewa na rafiki na msaidizi wa Luther, Johann Walter, mwanamuziki wa ikulu ya Saksonia. Mwaka 1524 Walter alitoa kitabu cha nyimbo za sauti nyingi, ambacho Luther alikiandikia dibaji. Mwaka uliofuata mtawala Friedrich alifariki, na mrithi wake akaivunja kwaya ya ikulu kwa sababu ya gharama. Luther na Melanchthon walimtetea Walter, lakini kwaya haikurudishwa. Walter akahamia kazi ya ukantori, yaani ualimu wa muziki wa shule na kanisa, katika mji wa Torgau. Hapo alifanya jambo lililokuwa na matokeo makubwa kuliko kitabu chake: aliwaunganisha wanafunzi wa shule na watu wazima wa mjini, mafundi, wafanyabiashara na makarani waliokuwa wamejifunza kuimba walipokuwa watoto, wakawa chama kimoja cha waimbaji. Kiliitwa Kantorei. Luther alipolizindua kanisa la ngome ya Torgau mwaka 1544, muziki wa siku hiyo ulitungwa na Walter.

Mfano wa Torgau ulienea katika miji ya Saksonia na Thuringia. Vyama hivyo vilikuwa na kanuni zilizoandikwa, michango, faini na karamu ya mwaka. Mwanakwaya yeyote wa Tanzania aliyewahi kutozwa faini kwa kuchelewa mazoezi, au kukaa kikao kirefu cha kurekebisha katiba ya kwaya, asidhani kwamba mambo hayo yamebuniwa hapa. Nguvu ya Kantorei ilikuwa hiyohiyo. Shule ilimpa kijana elimu ya nota. Chama kilimpa sababu ya kuzisoma tena wiki ijayo.

Mji mwingine wa Saksonia unaostahili kukumbukwa ni Leipzig, na si kwa sababu ya muziki peke yake, kama itakavyoonekana. Mwaka 1701 alifika huko kijana Georg Philipp Telemann kusoma sheria, kwa matakwa ya mama yake ambaye hakutaka awe mwanamuziki. Mwaka 1702 alianzisha kundi la wanafunzi wa chuo kikuu waliokutana kupiga muziki pamoja. Wengi wa vijana wa namna hiyo walikuwa wakisomea sheria au theolojia. Chuo hakikuwapa cheti kwa kupiga fidla, wala haikuwa lazima. Kundi hilo liliendelea baada ya Telemann kuondoka, na mwaka 1729 uongozi wake ulishikwa na Johann Sebastian Bach, ambaye tangu 1723 alikuwa kantori wa Kanisa la Mtakatifu Thomas. Mahali pao pa kukutania palikuwa mgahawa wa kahawa wa Zimmermann.

Bach mwenyewe hakupita chuo kikuu. Aliachwa yatima kabla ya kutimiza miaka 10, akalelewa na kufundishwa na kaka yake aliyekuwa mpiga kinanda cha kanisa huko Ohrdruf, kisha akapata nafasi ya mwimbaji katika shule ya Mtakatifu Mikaeli huko Lüneburg. Akiwa na miaka 18 alikuwa tayari ameajiriwa Arnstadt. Wengi wangeona kwamba masomo yamekwisha. Mwaka 1705 aliomba likizo ya wiki nne, akasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Lübeck, inavyosimuliwa kwa miguu, ili amsikie mzee Dieterich Buxtehude. Alikaa takribani miezi minne. Aliporudi, baraza la kanisa lilimhoji juu ya likizo aliyojiongezea, na pia juu ya madoido mapya aliyotia katika kuongoza nyimbo, yaliyowachanganya waimbaji. Malalamiko ya mara mbili, basi, na yote mawili yakiwa na haki yake. Mpigaji anayeendelea kujifunza ni shida kwa usharika uliozoea alivyokuwa jana.

Lakini la Bach linalogusa zaidi mada hii ni waraka aliouandikia baraza la mji wa Leipzig mwaka 1730. Aliorodhesha vijana wa shule waliopaswa kuimba makanisani: 17 wanafaa, 20 hawajafaa bado, 17 hawafai kabisa. Kisha akaeleza kwamba zamani wanafunzi wa chuo kikuu walikuja kujaza nafasi za wapiga vyombo kwa sababu walipewa posho ndogo. Posho hizo zilipopunguzwa na hatimaye kuondolewa, hamu ya vijana nayo iliondoka. Hakusema kwamba vijana wamekuwa wavivu au kwamba imani imepoa. Aliitaja fedha ndogo iliyokatwa.

Leipzig ndiyo pia iliyokuwa makao ya chama cha misheni kilichohamia huko kutoka Dresden mwaka 1848, na ambacho wamisionari wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Walikuta nchi yenye nyimbo zake, za mavuno, za ndoa, za vita na za maombolezo, na mara nyingi hawakuzisikia kama muziki unaofaa ibada. Pamoja na Biblia walileta desturi ya Kijerumani ambayo haikuandikwa katika katekisimu: kwamba mwalimu wa shule ya kijiji ndiye kiongozi wa nyimbo kanisani. Katika vyuo vya ualimu vya Ujerumani vya karne ya 19, kuimba, fidla na kinanda vilikuwa masomo ya kawaida. Chuo cha ualimu cha Marangu kilipoanza mwaka 1912, mwalimu Mwafrika aliyetoka humo alitarajiwa vivyo hivyo: siku za wiki kusoma na hesabu, Jumapili nyimbo.

Kisha zikaja vita. Wamisionari Wajerumani waliondolewa Kilimanjaro mwaka 1920, wakarudi kuanzia 1925, na Vita ya Pili ya Dunia ikawaondoa tena. Mara zote mbili sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Waafrika, ingawa Walutheri wa Marekani walisaidia. Kinanda cha kukanyaga kwa miguu, chenye ndimi za shaba na mifuko ya ngozi, ni chombo kinachohitaji fundi. Panya hupenda ngozi ile. Unyevu hushika mbao, na ulimi mmoja ukikwama, sauti hulia mfululizo kama mtoto mwenye njaa. Pasipo fundi wa kukitengeneza, chombo hicho kilinyamaza. Uimbaji haukunyamaza, kwa kuwa haukuwa ndani ya sanduku.

Kilichouhifadhi zaidi, kwa muda mrefu, ni solfa. Mfumo huo ulianzia kwa mwalimu wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, ukaenezwa na mchungaji John Curwen kuanzia miaka ya 1840, na ukafika Afrika kwa mikono ya misheni na vyuo vya ualimu. Badala ya mistari mitano na vichwa vya nota, unatumia herufi tu: d, r, m, f, s, l, t, na nukta za kupima muda. Do hukaa popote palipo pazuri kwa waimbaji wa siku hiyo. Mwalimu huandika sauti nne ubaoni kwa chaki, au kwenye daftari, au kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, na jioni hiyohiyo kwaya inaimba. Wapo wahitimu wa vyuo wanaoidharau kama elimu ya nusu. Hawawatendei haki waliowatangulia: bila solfa, mwalimu wa kijijini asiye na kinanda wala umeme angesahau karibu kila kitu katika miaka michache. Ni kweli pia kwamba ina mpaka wake. Anayejua solfa tu akiketi mbele ya kinanda lazima kwanza aamue do iko wapi, kisha ahamishe kila herufi kichwani huku vidole vikisubiri. Ndiyo maana kuna walimu hodari wa kwaya ambao hawajawahi kupiga chombo hata kimoja.

Bendi za matarumbeta zilifuata njia nyingine. Huko Jöllenbeck, karibu na Bielefeld, wakati wa uamsho wa kiroho wa Westfalia, kundi la wapuliza tarumbeta za kanisa lilianzishwa mwaka 1843. Mchungaji Eduard Kuhlo, na baada yake mwanawe Johannes, waliyapa makundi ya namna hiyo vitabu na utaratibu. Bielefeld ndiyo pia nyumba ya Bethel, ambayo misheni yake ilifanya kazi Usambara na, tangu 1910, Bukoba. Utaratibu wa akina Kuhlo ulikuwa na jambo moja la werevu. Katika bendi za kijeshi, mpiga tarumbeta ya B flati akisoma C, sauti inayotoka ni B flati. Kwa hiyo huandikiwa karatasi yake peke yake. Akina Kuhlo waliamua kwamba wapulizaji wa kanisa wasome sauti kama inavyosikika, ili mkulima au fundi seremala afungue kitabu kilekile cha nyimbo kinachotumiwa na kwaya na kinanda, na kupuliza moja kwa moja. Hakuna karatasi ya pekee ya kununua, hakuna ya kupotea. Mpigaji aliyefundishwa katika bendi ya polisi au ya jeshi akijiunga na bendi ya usharika inayofuata utaratibu huo hulazimika kujifunza vidole upya, jambo linalowakera wengi kwa mwezi wa kwanza.

Bendi ina faida ambayo kinanda hakina: mtu hawezi kuwa bendi peke yake. Midomo ya mpulizaji hulegea ikikaa wiki chache bila kazi. Sauti za juu huanza kupotea, kisha pumzi. Mwili wenyewe unamdai aje mazoezini, na wenzake wanamdai sauti ya tatu isikose. Katika sharika nyingi za Kilimanjaro, mazishi, harusi na sikukuu huendelea kuzipa bendi kazi bila kungoja ratiba ya mtu. Vijana hufundishwa na wakubwa, tarumbeta lililobonyea hunyooshwa na fundi wa mjini, na bendi inaendelea.

Makumira ni habari ya namna nyingine. Chuo cha theolojia kilichoanza Lwandai, Mlalo, mwaka 1947 kilihamia Makumira, kati ya Arusha na Moshi, mwaka 1954. Kilikuwa chuo cha wachungaji, si cha wanamuziki. Lakini katika miaka ya 1960, miaka ya uhuru na ya kuundwa kwa KKKT kutokana na makanisa saba tarehe 19 Juni 1963, alikuwapo hapo mwalimu Howard Olson, Mmarekani, mtaalamu wa lugha aliyeiandikia lugha ya Kinyaturu utafiti wa udaktari. Sikio la mwanaisimu lilisikia tatizo ambalo waimbaji walikuwa wamelizoea. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za Kijerumani humalizia mstari kwa silabi nzito, kwa hiyo mwimbaji hukandamiza mwisho wa neno "Bwana" au "Mungu" kwa namna ambayo hangeitumia sokoni wala katika sala. Olson aliwahimiza wanafunzi walete sauti za makwao na kuzitungia maneno ya ibada.

Bernard Kyamanywa, aliyezaliwa mwaka 1938, alikuwa mwanafunzi wa Makumira alipotunga mwaka 1966 wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya", kwa tuni ya asili ya Tanzania. Wilson Niwagila, ambaye baadaye aliandika historia ya Kanisa la kaskazini-magharibi mwa nchi, alitunga wimbo wa Roho Mtakatifu "Njoo kwetu, Roho mwema". Mwaka 1968 nyimbo zilizokusanywa hapo zilitoka katika kitabu "Tumshangilie Mungu". Wimbo wa Kyamanywa ulitafsiriwa kwa Kijerumani na Ulrich Leupold mwaka 1969, na kwa Kiingereza na Olson mwenyewe. Katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani kilichotolewa mwaka 1993 ni namba 116. Leipzig nako unaimbwa.

Ikumbukwe kwamba watunzi hao hawakuwa na shahada ya muziki. Walikuwa na sauti walizozisikia utotoni, kiasi fulani cha nadharia, na mtu wa kuwaambia kwamba sauti hizo zinafaa. Baada ya chuo walikwenda kwenye uchungaji, wenye safari, vikao na mazishi. Wimbo mmoja wa mwaka wa masomo ulisafiri dunia. Ni nyimbo ngapi za baadaye zilikosa jioni moja tulivu za kuandikwa, hakuna awezaye kuzihesabu. Mafunzo ya wanamuziki wa kanisa huko Ruhija, mkoani Kagera, yalikusudiwa kumpata mtu ambaye kazi yake ni muziki, si mchungaji anayeuibia muda. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa taasisi mwaka 2007, kiliongeza wahitimu wa ngoma na vyombo vya asili, na Makumira, iliyokua kuwa chuo kikuu, ikaanza kutoa shahada ya muziki ambamo vyombo vya asili na vya Kizungu vinasomwa kwa pamoja.

Kwa hiyo leo tatizo la walimu limepungua kuliko wakati wowote katika miaka hii mia moja. Linalobaki ni lile la 1730. Mhitimu anarudi usharikani na kukuta kinanda cha umeme chenye midundo iliyorekodiwa tayari, kinachoweza kupigwa kwa kidole kimoja huku mashine ikifanya mengine, na usharika unaoridhika hivyo. Kwa mazoezi magumu anahitaji saa moja ya utulivu kila siku, na kinanda kimefungiwa ofisini. Ufunguo uko kwa mtunza hazina, ambaye anaishi ng'ambo ya mto. Kamati inasema, kwa nia njema kabisa, kwamba chombo ni cha thamani na kisipigwe ovyo. Bajeti ya mwaka ina fungu la kununua vyombo, halina fungu la kuvitengeneza, na nauli ya mwalimu wa kwaya hujadiliwa mwisho wa kikao, watu wakiwa wamesimama.

Zipo sharika zilizofanya vinginevyo. Zimempa mpigaji nakala ya ufunguo, zimemwandikia posho katika bajeti kama zinavyomwandikia mlinzi, na zimemkabidhi vijana wawili au watatu awafundishe katikati ya wiki. Katika sharika hizo wazee husikia kelele kutoka kanisani jioni za Jumatano, mizani ileile ikirudiwa mara ishirini, na baadhi yao hulalamika.